Kushuka Mlima na Mtoto: Likizo Yetu ya Dar es Salaam

Kila mwezi wa saba barabara ya Mombo hupandisha wageni Lushoto. Wanatoka Dar es Salaam, Arusha na Ulaya. Wanakwenda Irente kusimama ukingoni mwa mwamba na kuitazama tambarare ya Mazinde chini yao, wanatembea msitu wa Magamba wakitafuta mbega, wanalala kwenye baridi, kisha wanarudi kwao wamepumzika. Jambo hili lina umri mrefu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na kuufanya kimbilio lao dhidi ya joto la pwani, na tangu wakati huo sisi wa Usambara tumezoea kupokea likizo za wengine. Tunaposhuka sisi kwenda Dar es Salaam, tunashuka kwa msiba, kwa harusi, kwa rufaa ya hospitali au kwa biashara. Ni nadra kumsikia jirani akisema anakwenda Dar na watoto wake kupumzika tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu analima kabichi na karoti na kuzipeleka mjini pamoja na za wenzake. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika Dar mara nyingi kama yeye, lakini safari zake zote ni za lori. Anaingia mjini usiku wa manane, mzigo unashushwa sokoni kabla hakujapambazuka, anahesabu fedha, anajinyoosha kidogo kwenye kiti cha dereva, anageuza. Mji anaoulisha hakuwa amewahi kuuona mchana akiwa hana haraka. Binti yetu alipotimiza miaka minne, akawa kila lori likiondoka anauliza, “Baba, linakwenda wapi?” Tuliona jibu la kufaa ni kumpeleka akaone mwenyewe.

Tulianza kupanga tangu Januari. Jambo la kwanza lilikuwa majira. Shule zinafungwa katikati ya mwaka, na kwa bahati njema ndio wakati Dar inapokalika zaidi. Masika yameisha, barabara zimekauka, na joto limepungua kuliko lile la Desemba hadi Machi ambalo mtoto aliyezaliwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hawezi kulizoea kwa siku chache. Jambo la pili lilikuwa malazi. Wifi yangu anaishi Kimara na alitukaribisha kwa moyo wote, lakini tuliafikiana mapema tutakaa siku ngapi na tutachangia nini jikoni. Tulikwenda na viazi, karoti na kabichi za kutosha nyumba nzima. Ukarimu wa ndugu ni hazina, na hazina hutunzwa.

Jambo la tatu ndilo lililobeba safari nzima. Nilichukua daftari nikaandika kila kitu ambacho sisi wakubwa tulitamani kukiona, ukurasa ukajaa. Kisha tukakaa na mume wangu tukafuta, tukafuta tena, mpaka kila siku ikabaki na jambo moja tu, tena la asubuhi. Mchana mtoto anarudi, anakula, analala. Jioni anacheza na binamu zake. Mtoto wa miaka minne ana miguu mifupi na subira fupi, na mji mkubwa unachosha hata mtu mzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Mtoto aliyezoea kumjua kila anayepita njiani anahitaji muda wa kuwameza watu wote hao kwa macho.

Jambo la nne lilikuwa afya, na hapa naomba wazazi wenzangu wa milimani wanisikilize. Huku juu mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi, kwa hiyo watoto wetu wanakua bila kinga ambayo mtoto wa bondeni huipata kwa kuumwa mara kwa mara. Malaria ikimpata mtoto wetu inaweza kumwelemea upesi. Muuguzi wa kliniki alitueleza mambo matatu. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku bila kukosa. Mchana avae nguo zinazofunika mikono na miguu, kwa sababu mbu wa homa ya dengue, ambayo iliwahi kuisumbua sana Dar mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana. La tatu ndilo wengi tunalisahau: malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo mtoto akipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi mlimani, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na mganga aambiwe wazi kwamba alikuwa Dar. Tulibeba kadi ya kliniki, kipimajoto, pakiti za ORS, na chandarua chetu wenyewe.

Tuliondoka alfajiri na basi la kwanza, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa za mji. Binti yetu alivaa sweta mbili na kofia ya sufu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona mfululizo, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Watoto wengi hutapika hapa, na dawa yake si ngumu. Tulimpa kipande cha mkate mkavu badala ya chai ya maziwa, tukakata tiketi mapema ili tupate viti vya mbele, na tukamwonyesha vitu vya mbali badala ya kumwachia atazame chini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tulibeba kopo lenye mfuniko, na halikutumika.

Soni tuliyaona maporomoko ya maji kupitia dirishani, na sweta ya kwanza ikavuliwa. Mombo, ambako mtu anakuwa ameshuka karibu mita elfu moja, ikavuliwa ya pili na kofia pia. Mtoto alishangaa. Aliniuliza nani amewasha moto. Nikamweleza kwamba jua ni lilelile la nyumbani, ila sisi tumeshuka mlima. Hapo barabara kuu inanyooka, mkonge unasimama kwa mistari pande zote mbili, na milima yetu inabaki kushoto kama ukuta wa buluu mpaka Korogwe. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mume wangu alimwonyesha mahali inapopita, akamwahidi kwamba mjini atapanda treni.

Kutoka Lushoto hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo usimwahidi mtoto kwamba “tunakaribia.” Tulimpa majina ya vituo ayasubiri kimoja kimoja: Korogwe, Segera, Mkata, Wami, Chalinze, Kibaha. Kila kimoja kilipofika alipiga makofi, na safari ikawa na hatua anazozielewa. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, tulishuka naye hata aliposema hana haja, maana basi likishaondoka konda hana la kumsaidia mtoto. Maji alikunywa kwa mafunda madogo madogo. Alasiri tuliingia kituo kikuu cha Mbezi Luis, ambacho kilifunguliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo. Wifi alikuwa anatungoja. Binti yetu alimwamkia, “Shikamoo shangazi,” akabebwa juu kabla hajaitikiwa.

Kesho yake nilikuwa tayari nimefunga kilemba, nataka kutoka. Wifi akatuzuia.

“Wifi, leo hamwendi popote. Mtoto ajue kwanza choo kiko wapi na kitanda ni kipi.”

Tukamsikiliza, na lilikuwa neno la busara. Siku nzima mtoto alikaa uani na binamu zake, akajifunza milio ya mtaa: honi za bodaboda, muuza ndizi, adhana, redio ya jirani. Usiku alilala bila blanketi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Asubuhi iliyofuata aliamka akiwa mwenyeji.

Safari ya kwanza ya mjini ilikuwa ya mwendokasi. Mabasi haya yalianza kazi Mei 2016, na njia yao ya kwanza inatoka Kimara hadi Kivukoni katika barabara yao peke yao, kwa hiyo foleni inayowashika wengine haiwagusi. Siri yake kwa mwenye mtoto ni saa. Alfajiri wanaokwenda kazini wanabanana, na jioni vivyo hivyo. Tulitoka nyumbani saa tatu na nusu wakati wafanyakazi wamekwisha pita, tukapata kiti cha dirishani, na tukahakikisha tumerudi kabla ya saa tisa. Mtoto aliona maghorofa yakiongezeka urefu kadiri tulivyosogea, mpaka bahari ikatokea mwisho wa njia, pana na inameta. Alinyamaza. Mume wangu pia alinyamaza. Nilimtazama mtu aliyefika mji huu kwa miaka mingi akiiona bahari yake kwa mara ya kwanza, na nikajua safari hii haikuwa ya mtoto peke yake.

Siku hiyo jambo letu moja lilikuwa Makumbusho ya Taifa, katika mtaa unaobeba jina la Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Jengo lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940. Nilitamani sana habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959 na ambalo liko chini ya uangalizi wa makumbusho haya, maana huwa nawafundisha watoto habari zake bila picha yoyote ya kuwaonyesha. Binti yetu alivutwa na magari ya zamani ya viongozi, yakiwamo ya enzi za Mwalimu Nyerere. Alizunguka gari moja, akarudi, akalizunguka tena, akauliza nani alikuwa anakaa nyuma, na kama yule mzee alikuwa na watoto. Hatukumvuta mkono. Mimi nilikwenda kusoma habari za fuvu langu, baba yake akabaki naye kwenye magari, kisha tukabadilishana. Wazazi wawili wakipokezana hivyo, kila mtu anaona chake na hakuna anayelia. Tulimaliza kwa kula viazi vyetu vya kuchemsha chini ya miti ya bustani ya mimea iliyo jirani, ambayo imekuwapo tangu zama za Wajerumani, na mtoto akalala kwenye kanga mapajani mwangu.

Siku nyingine ilikuwa ya Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kama una mtoto mdogo na nafasi ya kwenda mahali pamoja tu Dar es Salaam, mpeleke hapa. Zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, za ukubwa wake halisi, na mtoto anaruhusiwa kuinama na kuingia. Aliingia msonge wa Wahaya akatazama juu mahali nyasi zinapokutana. Aliingia tembe la Wagogo akagusa ukuta wa udongo. Kila nyumba aliuliza mambo yaleyale: mama analala wapi, moto unawaka wapi, mbuzi wanakaa wapi. Haya ndiyo maswali hasa ambayo somo la maarifa ya jamii hujaribu kuyajibu, na yeye aliyafikia mwenyewe kwa kutembea. Mchana ngoma zilipopigwa alicheza mpaka jasho likamtiririka, na tukarudi Kimara mapema kama tulivyopanga.

Kisha ikaja siku ya pantoni. Kuvuka kutoka Magogoni hadi Kigamboni ni dakika chache. Daraja la Nyerere lipo tangu Aprili 2016 kwa anayetaka kupita nchi kavu, lakini mtoto hupewa bahari kwa kuvuka juu yake. Tulivuka katikati ya asubuhi watu wakiwa wachache, mimi nimemshika mkono wa kulia na baba yake wa kushoto, mbali na ukingo na mbali na magari. Upande wa pili tulitafuta ufuko tulivu. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu tuliwaamkia kwanza, kisha tukawauliza maji yanajaa au yanakupwa, na wakatuonyesha mahali ambapo mtoto anaweza kusimama salama. Usiingie na mtoto baharini bila kuwauliza wenye bahari yao. Sisi tunajua mto, na bahari ina mambo yake: inavuta, inarudi, inabadilisha kina chake ndani ya saa chache. Binti yetu alichota maji kwa kiganja, akaonja, akauliza nani ametia chumvi. Mume wangu alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akasimama pale muda mrefu bila kusema neno.

Ahadi ya treni ilitimizwa pia. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli iliyotangazwa wakati huo kwa daraja la kawaida hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Tulikata tiketi mapema, tukabeba vitambulisho vyetu, na tukafika stesheni muda mrefu kabla ya kuondoka, ambao haukupotea, kwa sababu mtoto alitaka kuona ngazi zinazotembea zenyewe. Ndani ya behewa aliganda dirishani. Treni hii imejengwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na minazi ilikuwa inapita kabla hajamaliza kuionyesha kwa kidole. Chini ya saa mbili, milima ya Uluguru ikajitokeza, na yeye akaruka juu ya kiti akipiga kelele, “Mama, Lushoto!” Abiria waliokuwa karibu walicheka kwa upendo. Nilimwambia hii ni milima ya watu wengine, wanaolima kama sisi na wenye watoto kama yeye. Tulikula Morogoro, tukarudi na treni ya alasiri.

Asubuhi ya mwisho mume wangu aliomba kutupeleka soko la Ilala, kwa wanunuzi wake. Tulikwenda mapema kabla ya jua kali. Kariakoo tuliiacha kabisa, kwa sababu msongamano wa mitaa ile haumfai mtoto anayefika kiunoni mwa watu. Hata Ilala alibebwa mabegani kwa baba yake, na ndani ya gauni lake nilikuwa nimeshona kitambaa chenye namba zetu mbili za simu. Nilimfundisha pia kwamba akitupoteza asimame palepale na amwendee mama mwenye meza ya biashara au askari, asimfuate mtu yeyote anayemwambia “njoo nikupeleke.” Mzazi anapaswa kuijua namba 116, simu ya mtoto, ambayo hupigwa bure nchini kote. Sokoni alizikuta kabichi zimepangwa mpaka juu ya kichwa cha baba yake, na mama mmoja muuzaji, aliposikia tunatoka Lushoto, alimpa karoti na kumwambia, “Mjukuu wangu, hii ni ya kwenu, inarudi nyumbani.” Swali la lori linakwenda wapi lilipata jibu.

Kuna mengi tuliyoyaacha. Hatukuvuka kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, hatukufika Coco Beach kula mihogo ya kukaanga, hatukulipita Daraja la Tanzanite usiku taa zikiwaka. Tuliyaacha kwa makusudi, na sijutii hata moja. Mtoto alirudi nyumbani akiwa mzima, anayakumbuka aliyoyaona kwa majina yake, na anayasimulia kwa bibi yake bila kuchanganya. Lau tungempitisha kila mahali kwa mbio, angerudi na uchovu tu.

Gharama yake ilihimilika kwa sababu tulilala kwa ndugu, tulipika nyumbani, tulitumia usafiri wa umma, na tuliweka akiba kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka. Najua si kila familia ina ndugu wa kuipokea wala fedha ya nauli. Lakini najua pia familia nyingi za Lushoto, Soni, Mlalo na Mtae ambazo nauli ya msiba hupatikana usiku mmoja kwa kuchangishana. Tunaweza kuchangia furaha ya mtoto kwa moyo uleule. Mtoto anayeuona mji wake mkuu wa biashara kwanza kama mahali pa kufurahi na wazazi wake hataingia huko akiwa kijana kwa woga, wala hatadanganywa kirahisi na anayempa ahadi za mjini.

Kwa hiyo naomba hasa baba mwenye lori la mboga, na mama anayepeleka mizigo kwa simu na kupokea fedha kwa simu: mwakani shule zikifungwa, shukeni na mtoto mchana. Anzeni kuweka akiba Januari, ulizeni kliniki, pangeni jambo moja kwa siku, bebeni chandarua. Dar es Salaam inakula jasho lenu kila asubuhi, na watoto wenu wana haki ya kuiona.